Uingereza, Ujerumani au Kanada: pima kwanza hofu yao

Mpwa wangu kanitumia ujumbe wa sauti wa dakika saba. Ni muuguzi, yuko Tanga, ana miaka 28, na mchumba wake ni mwalimu wa sekondari. Mkononi ana mambo matatu: barua ya chuo cha Uingereza kilichomkubali shahada ya uzamili ya mwaka mmoja, wakala anayempigia simu kila wiki kuhusu Ujerumani, na fomu ya Kanada aliyoianza akaiachia nusu. "Shikamoo mjomba. Mishahara nimeshapiga hesabu, ukitoa kodi na pango inakaribiana tu. Sasa niende wapi?"

Nikamwambia hesabu ya mshahara ni ya pili. Ya kwanza ni hii: wenyeji wa huko wakiingiwa na hofu ya wageni, hofu hiyo inachukua muda gani kuwa sheria? Na ikishakuwa sheria inamshika nani, yule wanayemwogopa au wewe?

"Mimi si wa kuzamia, mjomba. Naenda na viza. Hofu yao inanihusu nini?"

Hapo ndipo wengi wanapokosea, na ndiyo sababu ya kuandika haya. Tuanzie nyumbani, ambako hofu hii tunaijua tukiwa upande wa wenyeji. Minong'ono ya Kariakoo kuhusu Wachina wanaouza rejareja ilikuwa ya muda mrefu. Mwishoni mwa Julai 2025 serikali ya Tanzania ikatoa amri ya kuwazuia wasio raia kufanya aina 15 za biashara: uwakala wa fedha kwa simu, ufundi simu, saluni zisizo za hotelini, uongozaji watalii, uchimbaji mdogo na nyingine. Kenya wakalalamika papo hapo, na walikuwa na haki ya kulalamika. Aliyenung'unikiwa alikuwa Mchina, lakini amri haikuandikwa "Mchina". Iliandikwa "asiye raia", na Mkenya mwenye saluni yake Arusha, aliyelipia kila kibali, akajikuta ndani yake.

Shika mfano huo mkononi, tutauhitaji kila tutakapofika. Anayeogopwa huwa mmoja, anayelipa huwa mwingine, na mara nyingi anayelipa ni yule mwenye makaratasi kwa sababu ndiye anayejulikana anapoishi.

Uingereza: siku ishirini na moja

Kwa miaka kumi sasa maneno ya Waingereza na matendo yao yamekuwa yakipishana. Kura ya maoni ya 23 Juni 2016, iliyowatoa katika Umoja wa Ulaya kwa asilimia 51.9, ilibebwa kwa sehemu kubwa na ahadi ya kuishika mipaka. Walipokwisha kutoka, wafanyakazi wa Ulaya wakapungua. Lakini hospitali na nyumba za wazee zilikuwa hazina watu, kwa hiyo serikali iliyoahidi kupunguza wageni ikafungua mlango mwingine: Februari 2022 viza ya walezi ikaruhusiwa. Wahindi, Wanigeria, Wazimbabwe na wengine kutoka pande zetu wakaingia. Kwa mwaka ulioishia Juni 2023, walioingia ukitoa waliotoka walipita 900,000.

Sasa kumbuka picha iliyokuwa kwenye televisheni wakati huo. Haikuwa ya mlezi anayembadilisha mzee nepi saa kumi alfajiri. Ilikuwa ya mashua za mpira zinazovuka kutoka Ufaransa. Mwaka 2024 waliovuka hivyo walikuwa 36,816. Si wachache, ila katika wote walioingia nchini mwaka huo hawafiki mmoja kwa ishirini. Hata hivyo siasa nzima ilihamia baharini. Aprili 2022 serikali ilitia saini mpango wa kuwapeleka waomba hifadhi Rwanda. Novemba 2023 Mahakama ya Juu ikasema ni kinyume cha sheria. Julai 2024 serikali mpya ikautupa.

Mtu wa mashua ni mgumu kumkata. Kuna bahari, kuna Ufaransa, kuna majaji. Mwenye viza ana anwani, ana mwajiri, analipa ada, na kanuni zinazomhusu hubadilishwa na waziri bila kutunga sheria mpya. Kwa hiyo panga likaanza kwake. Januari 2024 wanafunzi wa kawaida wa uzamili wakazuiwa kuja na mume, mke au watoto. Wakaachwa wale wa utafiti. Machi 2024 zamu ya walezi, nao wakaambiwa waje peke yao. Aprili 2024 kima cha mshahara wa viza ya kazi ya ujuzi kikaruka kutoka pauni 26,200 hadi 38,700, halafu Julai 2025 hadi 41,700.

Kasi ndiyo ya kutisha. Tarehe 12 Mei 2025 Waziri Mkuu Keir Starmer alitangaza mpango mpya na kuonya kwamba nchi inaweza kugeuka kisiwa cha watu wasiojuana. Tarehe 1 Julai kanuni zikawekwa mezani bungeni. Tarehe 22 Julai zikaanza kazi, na mlango wa kuajiri walezi kutoka nje ukafungwa. Siku 21. Mtu aliyeuza kiwanja Juni ili amlipe wakala Agosti aliukuta umeshafungwa. Starmer mwenyewe alisema baadaye kwamba anayajutia yale maneno ya kisiwa. Maneno aliyajutia, kanuni zikabaki.

Na hapo sijagusa waliokwisha ingia. Kwa miaka mingi mfanyakazi wa viza alihesabu mitano apate ukaazi wa kudumu. Novemba 2025 serikali ikapendekeza kumi iwe ndiyo kawaida, na kumi na mitano kwa wenye kazi zisizohitaji shahada, ikisema wazi kwamba hata walioko ndani ambao hawajapata ukaazi wahusike. Mlezi aliyefika 2022 alikuwa ameshaizungushia tarehe yake kwenye kalenda. Hili kwangu ni kubwa kuliko kima cha mshahara, kwa sababu linakuambia kwamba ahadi uliyoingia nayo inaweza kuandikwa upya ukiwa ndani ya nyumba.

Je, hofu ilitulia baada ya makato yote? Hesabu ya walioingia ukitoa waliotoka ilishuka hadi kama 204,000 kwa mwaka ulioishia Juni 2025. Chama cha Reform UK, kinachopata nguvu zake kwenye suala hili, kilipata asilimia 14 ya kura na viti 5 tu mwaka 2024, lakini Mei 2025 kilizoa viti 677 vya mabaraza ya mitaa na kikaendelea kuongoza kura za maoni. Idadi ilishuka, hofu ikapanda. Anayetazama hotelini wanakokaa waomba hifadhi hasomi jedwali la takwimu. Na majira ya joto ya 2024, baada ya watoto kuuawa kwa kisu Southport, uvumi ulisambazwa mtandaoni kwamba muuaji alifika kwa mashua. Alikuwa mzaliwa wa Cardiff. Uvumi ulitosha kuchoma magari na kushambulia hoteli.

Hata hivyo Uingereza ina jambo moja ambalo wengi wetu hatulijui au tunalipuuza. Raia wa Jumuiya ya Madola anayeishi kihalali Uingereza anaruhusiwa kujiandikisha na kupiga kura, hata ya bunge, bila kusubiri uraia. Mtanzania, Mkenya, Mganda na Mnyarwanda wote wamo. Mjerumani wa Berlin aliyehamia London hana haki hiyo ya kura ya bunge. Wewe unayo kwa viza ya mwanafunzi. Nimekutana na watu waliobeba boksi miaka minane wakilalamikia serikali kila Jumamosi na hawajawahi kujiandikisha hata mara moja.

Ujerumani: kelele kubwa, mashine nzito

Ukisikiliza sauti tu, Ujerumani inatisha kuliko Uingereza. Chama cha AfD, cha mrengo wa kulia kinachopinga wageni, kilianzishwa 2013 na watu waliokuwa wakigombana kuhusu sarafu ya euro. Mwaka 2015 Kansela Angela Merkel akasema nchi itaweza, waomba hifadhi karibu 890,000 wakafika mwaka huo, na chama kikapata mada ya kudumu. Februari 2025 kikapata asilimia 20.8 ya kura za bunge, nafasi ya pili kitaifa. Katika majimbo yote ya mashariki, ukiiacha Berlin, kiliongoza.

Lakini fuata tarehe za mwaka 2024. Agosti 23, shambulio la kisu Solingen, watu watatu wakafa, mtuhumiwa ni Msiria aliyetakiwa kuwa ameshaondolewa nchini. Septemba 1, AfD ikashinda uchaguzi wa jimbo la Thuringia. Septemba 16, Ujerumani ikaweka ukaguzi kwenye mipaka yake yote ya nchi kavu. Na katikati ya moto huo, Septemba 13, Kansela Olaf Scholz alikaa Berlin na Rais William Ruto, na serikali zao zikatia saini mkataba wa kuwapokea wafanyakazi wenye ujuzi kutoka Kenya. Siku tatu kabla ya ukaguzi wa mipaka!

Ukilielewa hilo umeielewa Ujerumani. Wana milango miwili na wanajitahidi isichanganyike. Mlango wa hifadhi unazidi kubanwa. Mlango wa kazi unazidi kupanuliwa, kwa sababu wazee ni wengi, vijana ni wachache, na viwanda na hospitali vinapiga kelele kuliko hata AfD. Sheria ya kuvuta wenye ujuzi ilianza 2020, ikalegezwa 2023, na Juni 2024 ikaja Chancenkarte, kadi ya fursa inayomruhusu mtu kwenda kutafuta kazi akiwa huko huko kwa mfumo wa pointi.

(Kuhusu mkataba wa Kenya, kuna tahadhari. Siku ile vyombo vya habari vilitangaza nafasi 250,000, na wizara ya mambo ya ndani ya Ujerumani ikakanusha kwamba kuna idadi yoyote iliyoandikwa. Mpaka leo wapo mawakala wanaouza "nafasi" katika zile 250,000. Ni sawa na kuuza kivuli cha mwembe.)

Mashine yao ni nzito kwa makusudi. Serikali ni ya muungano wa vyama, majimbo yana sauti, mahakama ya katiba iko macho. Inachelewesha hisani na inachelewesha madhara pia. Mfano mzuri ni uraia. Juni 2024 walishusha muda wa kuomba kutoka miaka 8 hadi 5 na kuruhusu uraia pacha. Friedrich Merz na chama chake waliingia kwenye uchaguzi wa 2025 wakiahidi kuyarudisha nyuma. Akashinda, akawa Kansela, akalazimika kuungana na chama kilichoyatunga, na kilichofutwa mwishowe ni kipengele cha wachache waliokuwa wakipewa baada ya miaka 3. Miaka mitano ikabaki, uraia pacha ukabaki. Linganisha na zile siku 21.

Msomaji Mtanzania asishangilie haraka, maana uraia pacha wa Ujerumani haukusaidii kitu kama kwenu haukubaliki. Mkenya anao tangu katiba ya 2010. Mtanzania mtu mzima akichukua wa Ujerumani anaupoteza wa nyumbani.

Ugumu wa Ujerumani uko kwenye ngazi ya chini, mtaani na ofisini. Sheria inatofautisha mkimbizi na muuguzi, lakini kwenye kituo cha basi hakuna anayekuuliza aina ya kibali chako. Na kuna jambo ambalo wakala hatakwambia: hospitali na nyumba za wazee zenye uhaba mkubwa ziko pia kwenye miji midogo ya mashariki, kwa sababu vijana wake walishaondoka. Ndiko huko AfD inakopata zaidi ya theluthi ya kura. Leipzig ni jiji, lina Waafrika, lina vyuo. Mji wa watu elfu kumi na tano saa moja kutoka hapo ni maisha mengine. Usisaini mkataba kabla ya kuona jina la mji, na ukiliona, tafuta matokeo ya uchaguzi wa mji huo kabla ya kutafuta picha zake.

Halafu lugha. Muuguzi anatakiwa kiwango cha B2 cha Kijerumani, yaani cha kujieleza bila kukwama, ili cheti chake kitambuliwe, na utambuzi wenyewe huja na mitihani au mafunzo ya kuziba mapengo. Mpaka umalize, unafanya kazi kama msaidizi. Wapo wanaokaa mwaka mzima kwenye usaidizi wakiona wamedhalilishwa. Kwa maoni yangu huo mwaka una faida ambayo haipo kwenye mkataba, kwa sababu mgeni anayejibu kwa Kijerumani anaogopwa kidogo kuliko anayenyamaza.

Kanada: mkarimu aliyenuna ghafla

Kanada nitakuwa mfupi, maana habari yake ni moja. Kwa miongo mingi ilikuwa nchi ambayo hofu hii haikupata mahali pa kukaa. Ina bahari pande tatu, haina mashua za kuogopa, imekuwa ikichagua wageni kwa pointi tangu 1967, na waziri wake wa uhamiaji kuanzia 2017 hadi 2019, Ahmed Hussen, ni mzaliwa wa Mogadishu. Taasisi ya Environics, ambayo huuliza swali lilelile kila mara, ilikuta mwaka 2022 asilimia 27 tu wakisema wageni wamezidi. Mwaka 2024 walikuwa asilimia 58.

Nini kiliingia hapo katikati? Nyumba. Mwaka 2023 peke yake watu waliongezeka zaidi ya milioni 1.2, wengi wao wanafunzi na wafanyakazi wa muda, wakati pango la Toronto na Vancouver lilikuwa limeshamshinda hata mwenyeji. Vyuo vingine vilikuwa ni vyumba juu ya duka, vinauza barua za kukubaliwa. Mkanada hakuanza kwa kuchukia ngozi yako wala dini yako. Alianza kwa kukosa nyumba ya mtoto wake. Hasira ya aina hiyo ni nafuu kwa maana kwamba haina chama: chama chao cha kupinga wageni hakikupata kiti hata kimoja 2025, na kura zake zilikuwa chini ya asilimia 1. Ila ina ubaya wake, kwa kuwa vyama vyote vikubwa vinaibeba, na hakuna wa kukutetea.

Ikawa ghafla. Januari 2024 fedha za kuonyesha kwa mwanafunzi zikaongezwa maradufu, kutoka dola 10,000 hadi 20,635 za Kanada, na mwezi huohuo waziri akaweka kikomo cha vibali vya masomo. Oktoba 2024 lengo la ukaazi wa kudumu likakatwa kutoka 500,000 hadi 395,000 kwa mwaka 2025. Machi 2025 pointi za kuwa na ofa ya kazi zikafutwa kwenye Express Entry, mfumo unaowapanga waombaji wa ukaazi kwa pointi, maana ofa bandia zilikuwa zinauzwa kama vitumbua.

Tofauti yake na Uingereza ni kwamba kisu cha Kanada kimewakata zaidi wa muda: mwanafunzi, mwenza wa mwanafunzi, mfanyakazi wa msimu. Aliyekwisha pata ukaazi wa kudumu hajaguswa, na siku 1,095 akiwa ndani ya nchi katika miaka mitano bado zinamfikisha kwenye uraia. Ukiingia Kanada ingia kwa mlango wa kudumu. Njia ya zamani, ya kwenda kusoma chochote halafu kujigeuza polepole, ndiyo iliyokufa.

Ndugu zetu wa Bukavu, Goma na Bujumbura wana karata ambayo sisi wa Tanga hatuna. Kanada inatafuta wazungumzaji wa Kifaransa wakae nje ya Quebec, jimbo la Kifaransa, na lengo lao linapanda, asilimia 8.5 ya wakaazi wapya mwaka 2025 na 10.5 mwaka 2028. Huku wengine wakikatwa, hao wanaitwa kwa alama za chini. Tena hofu ya watu ndiyo inayowasaidia: Kifaransa kinapungua nje ya Quebec, na wenyewe wanaogopa kitakufa.

Waliobaki nje ya ulinganisho

Marekani nimeiacha kwa sababu kwa Waafrika wa mashariki imekuwa ni suala la kalamu ya mtu mmoja. Juni 2025 tangazo la Rais Trump liliwawekea vizuizi Warundi. Desemba likaja lingine lililoigusa Tanzania. Mahakama ya Juu ilishakubali mwaka 2018 kwamba rais ana mamlaka hayo. Huwezi kupanga miaka mitano juu ya kitu cha namna hiyo.

Oman na nchi za Ghuba wengi wa pwani wataniuliza. Huko hofu ya wageni ipo tangu zamani. Oman imekuwa ikitenga kazi kwa wananchi wake tangu 1988, na orodha ya kazi zilizotengwa hurefuka kadiri vijana wao wanavyokosa ajira. Ila huko hakuna anayekuahidi kuwa mwenyeji. Unajua unakwenda kuchuma na kurudi, na kwa mtu mwenye mpango wa nyumba ya vyumba vitatu Chanika hilo halina ubaya.

Basi nani aende wapi

Ukiziweka hizi tatu bega kwa bega, Uingereza hofu inafika kwenye kanuni haraka na inawashika hata walio ndani. Ujerumani inapiga kelele barabarani na bungeni, inafika kwenye sheria imechoka, na mara nyingi inapofika inaelekea kwa mwomba hifadhi. Kanada ilichelewa sana kuja, ilipokuja ikafanya kazi kwa miezi michache, ikaishia kwenye mlango wa wa muda.

Kwa hiyo mwenye shahada, chini ya miaka 30, Kiingereza safi au, bora zaidi, Kifaransa, na anataka kuhamia na mwenza: Kanada, kwa ukaazi wa kudumu tangu siku ya kwanza. Usingoje, pointi za umri huanza kushuka ukifikisha 30. Kama pointi hazitoshi leo, usikubali kupelekwa kama mwanafunzi wa chuo usichokijua kwa matumaini ya kugeuza.

Mwenye ufundi mkononi au uuguzi, mvumilivu wa darasa, asiye na haraka: Ujerumani. Jiandae kwa majirani wasiosalimia na kwa barua za posta ambazo hutazielewa mwaka wa kwanza. Nyongeza kwa wa kujilipua, maana najua wapo wanaosoma hapa: mlango wa hifadhi wa Ujerumani wa leo si ule wa 2015, na ukishaingia kwa huo kuhamia ule wa kazi ni kazi kubwa.

Uingereza naipendekeza kwa watu wa aina mbili tu. Wa kwanza ni anayekwenda mwaka mmoja peke yake, kwa fedha alizonazo au ufadhili, akachukue shahada arudi. Muda wa kubaki kutafuta kazi baada ya shahada nao unapunguzwa, kutoka miaka 2 hadi miezi 18 kwa watakaoomba kuanzia Januari 2027, kwa hiyo asiujengee ndoto. Wa pili ni muuguzi aliyesajiliwa anayeajiriwa moja kwa moja na hospitali ya umma, maana huyo hata wenye hofu wanamhitaji wakiugua. Ulezi kupitia wakala, hata akikuonyesha muhuri, achana nao. Mamia ya kampuni za ulezi zimenyang'anywa leseni za kuleta wafanyakazi, na mfanyakazi ambaye mdhamini wake amenyang'anywa hupewa kama siku 60 kutafuta mwingine.

Kuna wanaosema nazidisha, kwamba siasa ni upepo, utapita. Pengine. Lakini Waafrika na Wakaribi waliokwenda Uingereza kihalali kabla ya 1973 walidhani hivyo hivyo, na mwaka 2018 ikagundulika kwamba baadhi yao walikuwa wamefukuzwa kazi, wamenyimwa matibabu, na wengine kurudishwa makwao, kwa sababu ya sera iliyotungwa ili kuwabana wasio na vibali. Hawakuwa na karatasi za kuonyesha kwa sababu walipofika hakuna aliyewaambia wazitunze. Sera haikuwa yao. Iliwapata.

Nilimwambia mpwa wangu atunze kila kitu: barua, risiti, hati za mshahara, tiketi ya ndege ya siku ya kwanza. Nikamwambia pia yule wakala amwombe jina la mji kabla ya kumpa shilingi. Wiki mbili zilipita kimya. Kumbe wakala alijibu kwamba mji "utapangwa baadaye", na mpwa wangu akaacha kupokea simu zake.

Sasa anasoma Kijerumani jioni kwa simu, na Desemba anakwenda Dar kufanya mtihani wa kwanza. Chuo cha Uingereza amekiandikia kukishukuru. Mchumba alinuna kidogo, alikuwa ameshazoea wazo la London, mpaka alipoambiwa kwamba kwa mpango wa Uingereza yeye angebaki Tanga kusubiri. Mume au mke wa anayekwenda kufanya kazi Ujerumani huwa anaruhusiwa kumfuata mwenzake, ila kwa kawaida naye hudaiwa Kijerumani cha mwanzo. Juzi mpwa wangu kanitumia ujumbe mwingine wa sauti, sekunde ishirini tu. Nyuma yake nilisikia sauti ya mwanamume ikirudia kwa shida, "der, die, das".